CHEMA CHAJIUZA
Jawabu kwa kijana atafutaye kazi kwa njia ya mitandao ya simu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mgawaji wa riziki, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyechunga mbuzi na akafanya biashara kwa amana, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Alinijia kijana mmoja wa hapa Bunju baada ya sala ya Alasiri, naye ni katika waliosoma juzuu zao za mwanzo mbele yangu chuoni. Amejifunza ufundi wa umeme akapata cheti chake, na huu ni mwaka wa pili hana kazi ya kudumu. Kila asubuhi hupanda daladala iendayo Makumbusho, hushuka penye majengo mapya, mara Boko, mara Tegeta, mara Mbezi, akauliza kazi. Na kila jioni hurejea nauli imekwenda na mkono mtupu. Akaniambia: "Maalim, wenzangu wamenishauri niandike khabari zangu katika mitandao ya kijamii, niweke picha za kazi nilizozifanya, niseme kuwa mimi ni fundi mzuri. Babu yangu alipopata khabari alikasirika, akasema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza; mtu mwenye heshima hajinadi kama samaki wa mnadani. Basi nimekuja nijue, je, hii ni riya? Ni kule kujisifu kulikokatazwa?"

Swali hili nimelisikia mara nyingi, na majibu yake nimeyasikia yakitolewa kwa haraka. Wako wasemao kuwa yote hayo ni upuuzi, kijana atulie, riziki yake itamjia. Na wako wasemao kuwa huko mitandaoni kila mtu husema uwongo, basi nawe sema, la sivyo utalala njaa. Makundi yote mawili yamekosea, na kosa lao lina shina moja: wamedhani kwamba mtafuta kazi akitaja khabari zake anajisifu. Mimi nasema kwamba anatoa ushahidi. Na ushahidi si jambo la kukataliwa lote wala la kuachiwa holela, bali una sharti zake. Hili ndilo neno la kijitabu hiki.

FASILI YA KWANZA: Haki ya maneno ya babu

Tusimdharau mzee, maana ana hoja. Mwenyezi Mungu katika Suratu-Najm ametukataza tusizitakase nafsi zetu kwa ndimi zetu, kwani Yeye ndiye amjuaye mchaji. Na Mtume (s.a.w.) aliwazuia sahaba wake wasiuombe uongozi. Na yule ajipambaye kwa asichopewa, Mtume amemfananisha na mtu aliyevaa nguo mbili za uwongo. Maneno haya ni mazito, na mwenye kufungua simu yake aandike khabari zake yampasa ayakumbuke kabla ya kidole chake kugusa herufi ya kwanza.

Walakini methali ya babu ni ya kweli mahali ambapo watu wajuana. Fundi wa mashua wa Kunduchi hakuwa na haja ya kuandika khabari zake, kwa sababu mashua yake ilikaa ufukweni, kila apitaye huiona, hupapasa mbao zake, akauliza nani kaiunda. Chema kilijiuza kwa kuwa kilikuwa sokoni. Je, chema kilichofungiwa sandukuni hapa Bunju, kitajiuza vipi kwa mtu ajengaye Kigamboni? Huu mji wetu umekuwa mkubwa. Watu wamehamia kutoka kila pande, wamejenga wakazungusha kuta na mageti, na jirani hamjui jirani yake jina. Zamani mtu aliyetaka fundi aliuliza barazani baada ya sala, sasa huuliza usiku katika kundi la WhatsApp la mtaa wake: "Nani anamjua fundi umeme mwaminifu?" Baraza imehamia simuni. Asiyekuwamo humo ni kama asiyefika gulioni, na asiyefika gulioni asilaumu wanunuzi.

Wala asiseme mtu kuwa kutawakali ni kukaa. Mtume (s.a.w.) alipotupigia mfano wa kutawakali alitupigia mfano wa ndege, ambao hutoka asubuhi matumbo matupu wakarejea jioni wameshiba. Ndege hao hutoka. Hawangojei chakula tunduni.

FASILI YA PILI: Asili ya jambo hili

Tizama kisa cha Nabii Musa (a.s.) katika Suratul-Qasas. Alifika Madyan mkimbizi, mwenye njaa, hana amjuaye. Akawakuta wanawake wawili wakiwazuia wanyama wao, hawanyweshi mpaka wachungaji waondoke. Akawanyweshea, kisha akaenda zake kivulini, akamwomba Mola wake kwa kuwa ni mhitaji. Hakuwaambia wale wanawake neno juu ya nguvu zake. Ila mmoja wao aliporejea kwa baba yake alimshauri amwajiri, kwani mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Hapa yako mafunzo matatu. Kazi ilionekana kwanza. Sifa zilitoka katika ulimi wa mwingine. Na sifa zenyewe ni mbili tu, nazo ndizo aulizazo kila mwajiri hata leo: je, aiweza kazi? na je, ni mwaminifu? Kisha baba yao hakumficha Musa kitu, alimtajia muda wa kazi na malipo yake.

Tizama tena kisa cha Nabii Yusuf (a.s.). Yeye alisema mwenyewe. Alimwambia mfalme amweke juu ya hazina za nchi, akajitaja kuwa ni mlinzi na mjuzi. Walakini angalia alisema lini. Kwanza alifasiri ndoto na akatoa shauri la kuweka akiba miaka saba, na mtu aliyekuwa naye gerezani akampelekea mfalme khabari zake. Mfalme alipomwita, hakukimbilia kutoka. Alitaka kwanza ichunguzwe ile tuhuma aliyozuliwa, jina lake lisafike. Ndipo akasema. Na aliposema hakutaja uzuri wake, wala hakutaja kuwa ni nabii mwana wa nabii mjukuu wa nabii, ingawa yote hayo yalikuwa kweli. Alitaja ulinzi na ujuzi, kwa kuwa ndivyo hazina ilivyohitaji.

Na Mtume wetu (s.a.w.), kabla ya utume, Bibi Khadija alimkabidhi mali yake ya biashara ya Sham kwa kuwa khabari za ukweli na uaminifu wake zilikuwa zimemfikia. Watu ndio waliokuwa ukurasa wake.

Imamu Nawawi (r.a.), na yeye ni nguzo katika madhehebu yetu, ameeleza katika kitabu chake Al-Adhkar kwamba mtu kutaja mazuri yake kuna namna mbili. Iko ya kulaumiwa, nayo ni ya kujifakhiri na kujiinua juu ya wenziwe. Na iko ya kupendeza, nayo ni pale penye maslaha, kama kutoa nasaha au kujikinga na madhara, na maneno yake hayatapokewa mpaka ajulikane. Na akatoa dalili kwa maneno ya Nabii Yusuf. Basi kijana wetu akimwambia mjenzi "nimejifunza kutia nyaya, na hizi ndizo nyumba nilizozitia", amemfaa mjenzi, amejifaa nafsi yake, na hakumdhalilisha mtu.

FASILI YA TATU: Sharti za ushahidi huu

Sharti ya kwanza ni ukweli. Kijana alinionyesha wasifu aliouandikiwa na rafiki yake. Humo mlikuwa na "uzoefu wa miaka mitano". Nikamwuliza: "Miaka gani, mwanangu? Katika hiyo mitano, miwili ulikuwa bado wanisomea mimi hapa mkekani." Akacheka, kisha akainamisha kichwa. Tukaufuta ule uwongo, tukaandika: ana cheti chake cha mwaka fulani, ametia nyaya nyumba nne pamoja na fundi mkubwa, na mbili peke yake, kazi za mitambo ya viwandani hajazifanya. Akaniuliza, "Maalim, nani ataniajiri nikikiri nisichokijua?" Nikamwambia, mwenye nyumba ya vyumba vinne anamtafuta mtu kama wewe, na akiona umetaja mpaka wako atakuamini ndani ya mpaka huo. Lakini ukidai yote, kosa la kwanza litayabatilisha yote. Na waya wa umeme haudanganyiki. Fundi mwongo huweza kuunguza nyumba na waliomo.

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono katika rundo la chakula, akakuta chini ni majimaji na juu ni makavu. Akamwuliza mwenyewe kwa nini asiyaweke maji juu watu wakayaona, akasema kuwa adanganyaye si katika sisi. Wasifu wa uwongo ni rundo hilo hilo. Na katika nchi yetu tuliona mwisho wake. Mwezi wa Aprili mwaka 2017, palipofanywa uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, walitangazwa watumishi 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Katika hao wako waliokuwa wametumikia miaka mingi, wamejenga, wana watoto shuleni. Njia ya mwongo ni fupi, ingawa yeye huiona ndefu siku ya kwanza.

Sharti ya pili ni ubainifu. Shahidi akisema maneno yasiyofahamika, kadhi hana la kufanya nayo. Wengi huandika "natafuta kazi yoyote, nisaidieni ndugu zangu". Asemaye kazi yoyote amemtupia msomaji mzigo wa kufikiri kwa niaba yake, na msomaji hupita. Andika jina lako la kweli, kazi yako, mahali ulipo, umbali uwezao kwenda, na njia ya kukupata. Weka picha za kazi ya mkono wako mwenyewe, si uliyoiokota kwa mwingine. Nayo iwe kwa idhini ya mwenye nyumba, wala usionyeshe ndani kwake kupita kiasi, maana nyumba ni sitara. Na ukipigiwa, pokea. Ukiandikiwa, jibu siku hiyo hiyo kwa adabu. Muungwana hujulikana kwa jawabu lake.

Sharti ya tatu ni uadilifu wa shahidi mwenyewe. Katika fiqhi yetu ya Kishafi'i shahidi hakubaliwi mpaka awe mwadilifu mwenye muruwa, yaani mwenye kujiheshimu katika mwenendo wake. Atembeaye na kula njiani hovyo na kupiga mizaha ya aibu, wanavyuoni waliangalia hayo katika kuupokea ushahidi wake. Sasa, mtu huomba kazi asubuhi kwa maneno ya upole, na katika ukurasa huo huo usiku ametukana watu, amesambaza picha za aibu, amemsengenya bwana wake wa zamani. Mwajiri hufungua ukurasa wote, hasomi ile sehemu uliyomtayarishia peke yake. Nabii Yusuf alitaka jina lake lisafishwe kabla ya kukubali cheo. Nawe basi safisha ukurasa wako kabla ya kuomba. Tena usiusafishe kwa ajili ya mwajiri tu, kwani wako waandishi wawili ambao ukurasa wao haufutwi ila kwa toba.

Sharti ya nne ni nia na kiasi. Riya ni maradhi ya siri, na mitandao hii ina chambo chake: ile hesabu ya watu waliokupenda na waliokutazama. Mtu huanza kutafuta kazi, akaishia kutafuta macho ya watu. Ukitaka kuipima nafsi yako, jiulize: nikiipata kazi leo, je, kesho nitaona uzito kuacha kujionyesha? Ukiona uzito, jua kuwa jambo limekwisha geuka. Tena kuwa na saa maalumu. Angalia matangazo ya kazi baada ya Alfajiri, jibu yanayokufaa, kisha weka simu chini, uende ukautie mkono ujuzi. Simu ikila siku nzima imekula na mtaji wako.

FASILI YA NNE: Kumwombea mwingine

Tumeona kwamba Musa alisemewa na mwingine, na Yusuf vile vile. Katika Suratun-Nisaa Mwenyezi Mungu ametuambia kuwa afanyaye uombezi mwema ana fungu lake katika wema huo, na afanyaye uombezi mbaya ana fungu lake katika ubaya huo. Basi ninyi wenye kazi zenu na mnaojulikana, jambo la dakika moja laweza kuwa sadaka kubwa: kuupeleka ujumbe wa kijana mwema katika kundi la watu wenye haja naye, na kusema "huyu namjua".

Lakini mwenye kusema "namjua" awe anamjua. Nawaeleza kosa langu, ili msilirudie. Miaka kadhaa iliyopita mtu niliyemheshimu aliniletea kijana wa ukoo wake, akaniomba nimsemee kwa mwenye duka mmoja. Sikumjua kijana yule ila kwa sura. Niliona haya kukataa. Nikarekodi ujumbe wa sauti, nikasema ni mwaminifu, na sauti ya mwalimu wa chuo ikapokewa bila swali. Haukupita mwezi wa tatu, kijana akaondoka na mauzo ya siku mbili. Mwenye duka hakunilaumu kwa neno hata moja, na hilo likaniuma kuliko lawama. Nilimlipa kidogo kidogo mpaka ikatimia. Fedha ilirudi, neno langu kwake halikurudi kama lilivyokuwa, na wanafunzi wangu wema waliokwenda kwake baadaye walikuta mlango umefungwa. Hayo ndiyo madhara ya shahada ya haya: humdhulumu aliyedanganywa, kisha huwadhulumu wakweli wajao nyuma.

Mtume (s.a.w.) alipotakwa shauri na Fatima binti Qays juu ya waliomposa, alimweleza hali zao bila kuficha, na wanavyuoni wakafahamu kwamba aombwaye shauri yampasa kusema kweli kwa kadiri ya haja. Basi ukiulizwa juu ya mtu usiyemjua sema "simjui", wala hukumtukana. Na ukimjua kwa jambo moja, mshuhudie kwa jambo hilo moja.

FASILI YA TANO: Wezi wa njia hii

Palipo na wenye njaa hapakosi wawindaji. Wako wanaotangaza kazi isiyokuwapo, wakitaka fedha ya "fomu" au ya "vipimo" au ya kumwona mkubwa. Jua kwamba kazi za serikali huombwa kwa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, katika mtandao wake wenyewe, bila kulipa. Akutakaye fedha ili akupenyeze humo ni mmoja wa wawili, mwizi au mla rushwa, na Mtume amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji wake.

Tena iko hatari kubwa kuliko ya fedha. Tangu mwaka 2022 zimetangaa khabari za vijana wa Kenya na nchi nyingine walioahidiwa mitandaoni kazi nzuri Thailand, wakajikuta Myanmar wamefungiwa, wakilazimishwa kuwatapeli watu kwa simu hizo hizo. Na mwezi wa Novemba mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake wa Kitanzania waliokwenda kufanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu. Wako waliosimulia kunyang'anywa pasi zao, kunyimwa mishahara na kupigwa. Ninyi wazazi, msiseme "ni nchi ya Waislamu, basi hapana neno". Dhuluma haina kibla.

Fiqhi imetupa kipimo chepesi. Katika mkataba wa ijara kazi yapasa ijulikane, na ujira ujulikane. Nami naongeza kwa zamani hizi: na mwajiri ajulikane, jina lake, mahali pake, na watu waliomtumikia kabla yako. Tangazo lisilo na moja katika matatu haya liache, hata likiwa na picha ya jengo refu. Wala usimpelekee mtu usiyemjua picha ya kitambulisho chako wala namba zako za siri. Nchi yetu ina sheria ya kulinda taarifa za mtu tangu mwaka 2022, lakini sheria hukusaidia baada ya msiba. Tahadhari hukusaidia kabla.

KHATIMA

Kijana wetu aliandika kama tulivyoafikiana, mistari sita na picha tatu. Wiki ya kwanza hakupigiwa na mtu. Wiki ya tatu akapigiwa na mtu ajengaye Mabwepande, akapata kazi ya siku kumi na mbili. Mwenye nyumba aliporidhika, mwenyewe akamtaja katika kundi la majirani zake, na hapo ikaja kazi ya pili. Kazi ya kudumu bado hajaipata, nami sitawadanganya kuwa ameipata. Lakini hapandi tena daladala kwa kubahatisha, huenda alikoitwa.

Babu yake alitaka kuonyeshwa hiyo simu. Akavaa miwani, akasoma ile mistari pole pole mpaka ile isemayo asichokiweza. Akasema, "Hapa umejitaja na upungufu wako." Akajibu, "Ndiyo, babu." Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi hukujinadi. Umeianika kazi yako juani, aitakaye aje aitazame." Nami sina neno la kuongeza juu ya hilo la mzee.

Ewe ndugu, methali yetu imesimama palepale: chema chajiuza. Ila kipeleke sokoni, kiweke wazi, usikipake rangi isiyokuwa yake, wala usiufiche upande wake uliotoboka. Twamwomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu kazi za halali, azitie baraka mikono yao, azilinde ndimi zao na uwongo, na atusamehe sisi tulioshuhudia tusiyoyajua. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.